Jina la Mwenye Faili

Umeme wa Mtwara miaka ile ulikuwa mgeni asiye na haya: unaingia bila hodi, unaondoka bila kuaga. Kwa hiyo mchana ule wa Jumanne ulipokatika, hakuna aliyeshtuka katika chumba cha kompyuta cha chuo. Feni zilizunguka kivivu zikasimama. Vioo vya kompyuta za wanafunzi vikawa vyeusi. Wanafunzi wakaguna, na Safina, fundi wa chumba kile, akasema maneno aliyokuwa akiyasema karibu kila siku: "Haya, tokeni nje mpate hewa."

Printa ikaendelea kuchapa.

Ilitema ukurasa, ikavuta mwingine, ikatema. Safina akageuka. Kule pembeni seva, ile kompyuta kubwa iliyozihudumia nyingine zote, ilikuwa imewasha taa yake ya kijani, na kioo chake kinang'aa vilevile kama umeme upo. Wanafunzi wakapiga makofi. Kijana mmoja aitwaye Filipo akaruka hadi kwenye kibodi ya seva, akaamuru kazi yake nayo ichapwe, ikachapwa.

Mkuu wa chuo, Bwana Isihaka, alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la suti, joto lote lile. "Betri mpya," alisema akitabasamu. "Chuo changu hakizimi tena."

Safina aliinama nyuma ya seva. Betri ya akiba ilikuwa imekaa sakafuni, haijachomekwa chochote. Waya wa seva ulikuwa ukutani, kwenye umeme usiokuwepo. Aligusa ubavu wa mashine ile akaukuta wa moto, moto wa paji la uso la mtu mwenye homa, na kutoka kwenye matundu yake ya kupumulia, badala ya harufu ya vumbi na waya, ikaja harufu ya ubani.

Tangu dakika ile hasira ilianza kumchoma kifuani, kabla hata hajajua amkasirikie nani.

Inafaa ujue kwamba kazi ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake, Faraji. Faraji ndiye aliyezipakua kompyuta zile kutoka kwenye maboksi, akaweka mfumo wa Linux usiku na mchana huku akila mihogo ya kuchemsha, akawafundisha wanafunzi ambao hawajawahi kugusa hata taipureta. Kisha akaanguka. Nguvu zilimtoka tu, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Hospitali walimpima malaria, wakampima kifua, wakampima damu yote waliyoweza kuivuta, hawakuona ugonjwa. Safina, aliyesomea mambo yaleyale Dar es Salaam, akaombwa amshikie nafasi. Mkuu Isihaka hakwenda kumjulia hali hata siku moja. Alisema vijana wa siku hizi wamelegea.

Jioni ile Safina alipopita Mtawanya, nyumbani kwa Faraji, mke wa Faraji alimpokea uani macho yamevimba.

"Wifi, leo imezidi," Asia alinong'ona. "Umeme ulipokatika tu, akaanza vidole."

"Vidole vipi?"

"Anapiga mkeka. Hivi." Asia akachezesha vidole hewani, upesi upesi, vidole vya mtu anayeandika kwenye kibodi. "Amelala, macho kafumba, anapiga tu, mpaka kucha zikatoa damu. Nikimshika mikono analia kitoto."

Safina aliingia ndani. Faraji alikuwa kwenye mkeka, mbavu zinahesabika, na chumba kizima kinanuka ubani, ilhali Asia aliapa kwamba hajafukiza ubani tangu Idi.

Kesho yake Safina alifika chuoni mapema akakaa mbele ya seva. Alikwenda moja kwa moja kwenye programu ambayo wanafunzi wote waliitumia kuchapia. Faraji ndiye aliyeiandika, akaipa jina la chapa. Kwenye mfumo ule kila faili lina mwenyewe, na pembeni ya jina la mwenyewe kuna herufi zinazoonyesha nani anaruhusiwa kufanya nini. Faili za kawaida za kuendeshwa zina x. Hii ilikuwa na s.

Alama ile ya s si uchawi, ni jambo la kawaida kwa wanaozijua mashine hizi. Programu ikiwa nayo, haijali nani ameiita. Aiite Filipo, aiite mfagizi, kazi inafanyika kwa nguvu na kwa jina la mwenye faili. Faraji aliiweka kwa wema tu. Printa ilimtii yeye peke yake, na hakutaka kila mwanafunzi amsumbue ili achapiwe. Kwa hiyo akawaazima nguvu zake. Kila aliyechapa pale alichapa kama Faraji, na karatasi ya kwanza ya kila kazi ilitoka na jina lake juu: faraji.

Safina alilisoma jina lile mara mbili tatu. Kisha akachukua simu yake akampigia Asia, akamwambia akae karibu na mumewe, asikate. Akamgeukia Filipo, aliyekuwa ameshawahi kiti.

"Filipo, chapa ukurasa mmoja."

Filipo akabonyeza. Printa ikanguruma. Kwenye simu ikasikika sauti ya vidole juu ya mkeka, taratibu kwanza, kisha haraka, kisha Asia akipiga kelele, "Anakauka, wifi, anakauka!" Na juu ya kelele zake ikaja sauti nyingine, karibu kabisa na simu, ya Faraji na si ya Faraji, nzito, yenye usingizi.

"Nani kaniita?"

Safina alirukia waya wa seva akaung'oa ukutani. Taa ya kijani haikutikisika. Printa ikamaliza ukurasa wake kwa utulivu, ikautema.

"Toka nje," alimwambia Filipo. "Usiguse tena kitu hiki. Mwambie na mwenzio."

Alijaribu kuifuta programu ile. Mashine ikakataa. Ilikuwa imewekwa kwenye folda ya wote, na folda ile ilikuwa na alama yake nyingine: kila mtu anaruhusiwa kuweka vitu vyake ndani, lakini hakuna wa kuviondoa isipokuwa aliyeviweka, au mkuu wa mashine yote. Faraji aliweka alama ile ili wanafunzi wasifutiane kazi. Na neno la siri la mkuu wa mashine lilikuwa kwa mtu mmoja tu, Isihaka, aliyelidai siku ya kwanza kwa sababu alisikia neno "mkuu" akaona linamhusu.

Akaenda ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Nani alifukiza ubani kwenye chumba changu?"

Isihaka hakuona haya hata kidogo. "Kaa, binti. Ulitaka tuibiwe? Ulitaka tuwe tunazimazima kama vibanda vya soda? Nimezindika. Nimemleta fundi kutoka Kilambo, kaifanya kazi yake vizuri, na wewe mwenyewe umeona. Ijumaa wanakuja wageni kutoka Dar es Salaam. Watakikuta chuo cha Mtwara kinawaka wakati mji mzima uko gizani."

"Mdogo wangu anakufa, Mkuu."

"Kila mtu ana siku yake."

"Niruhusu niizime mashine."

"Ukiigusa, hutakuwa na kazi wala yeye hatakuwa na nafasi ya kurudia. Na wanafunzi wataendelea kuchapa. Nimeshawaambia leo wachape mitihani yote."

Nasema kweli, kama Safina angekuwa na kitu kizito mkononi saa ile, hadithi ingeishia hapo. Alitoka amefumba ngumi. Akasimama kwenye ukumbi akasikia printa imeanza tena, na kila ukurasa uliotoka aliujua umetoka wapi.

Alhamisi akapanda pikipiki ya kukodi hadi Kilambo, chini kabisa kwenye Ruvuma, watu wanaposubiri kuvuka kwenda Msumbiji. Bi Mwaisha, fundi wa majini, hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mama wa makamo aliyevaa jezi ya mpira, anamenya mihogo, na hakuinua uso hata aliposikia salamu.

"Yule wa suti?" alisema. "Namkumbuka. Nilimuuliza, kazi ya mashine hii inafanywa kwa jina la nani? Maana jini humpi kazi hivihivi, lazima awe na jina la kusimamia, awe na mahali pa kula. Hula wiki kadhaa kwanza, ndipo nguvu zake zionekane. Akajifuta jasho. Akasema, kwa jina la Faraji, ndiye aliyeandikwa humo. Nikamuuliza, huyo Faraji anajua? Akasema anajua na karidhia."

"Na wewe ukaamini."

"Nifunge safari nikamuulize kila mtu?"

"Mama," Safina alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa ghadhabu, si kwa kilio, "una watoto wewe? Wangapi umewalisha hivi, kwa sababu mwenye suti kasema wameridhia?"

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Bi Mwaisha alimtazama kwa mara ya kwanza, na alipojibu alikuwa ameshusha sauti.

"Usiivunje mashine. Ukiivunja, mwenye jina anavunjika nayo. Wa kumtoa ni wawili: mwenye jina kwa kinywa chake, au mwenye nyumba, yule wa suti. Wakishindwa wote, jina libadilishwe. Jina likibadilika, jini anashuka papo hapo. Hawezi kumpanda huyo mpya mpaka aamriwe upya. Unanisikia? Mkishalibadilisha, mwacheni hapohapo. Asiamriwe tena. Njaa itamrudisha kwao."

Safina alihisi nywele zinamsimama, maana ndivyo ilivyo hata kwenye mashine. Ukibadili mwenye faili, ile alama ya s inadondoka yenyewe. Programu inabaki chombo tu, haina nguvu za mtu, mpaka mkuu wa mashine aiweke alama tena kwa amri ya pili.

Alirudi Mtawanya magharibi imeingia. Alitaka kwanza kujaribu njia ya mwenye jina: kama Faraji angeweza kumtajia neno lake la siri, angeingia kwenye mashine kwa jina la Faraji na kuiondoa alama ile yeye mwenyewe. Alipiga magoti kando ya mkeka, akamshika mdogo wake mkono uliokuwa mwepesi kuliko kijiko.

"Faraji, mdogo wangu. Ni mimi. Nitajie neno lako. Neno tu."

Midomo ya Faraji ikafunguka, ikatoa herufi moja kwa shida, ikatafuta ya pili, na pale pale taa ya chumbani ikazimika na nyumba za jirani zikazimika na mtaa mzima ukaguna gizani, na Safina akajua kwamba kule chuoni sasa wanashangilia, wanapanga foleni mbele ya kioo kinachowaka, na vidole vya Faraji vikaanza kupiga ndani ya kiganja chake, vinapiga na kupiga, huku harufu ya ubani ikipanda kutoka kinywani mwake kana kwamba makaa yamo kifuani, na shingo yake ikageuka polepole mpaka uso ukamwelekea dada yake, macho yamefumbwa bado, na ile sauti nyingine ikasema kwa upole wa kutisha:

"Usinichukie mimi. Yeyote akiita, naitika. Lakini sili kwa anayeita. Nakula kwa mwenye jina. Hata hivi sasa wapo wanaoita. Wengi. Na huyu amebaki kidogo."

Asia akazirai mlangoni. Safina alikaa gizani ameshika mkono ule mpaka umeme uliporudi na vidole vikatulia. Hakulia. Alikuwa anamfikiria Isihaka, koti lake, tabasamu lake, na moyo wake ukawa mgumu kama kokwa.

Ijumaa asubuhi umeme ulikuwepo. Isihaka alikuwa katika chumba cha kompyuta tangu mapema, anapanga karatasi za kuwaonyesha wageni, na amenuna.

"Hii ni aibu," alisema akipunga karatasi. "Kila kazi inatoka na jina la faraji juu. Faraji, faraji, faraji. Wageni watadhani chuo ni chake."

Safina alikuwa amekuja na maneno mengine mdomoni, maneno ya kupigana. Aliyameza.

"Naweza kulibadilisha, Mkuu," alisema. "Litoke jina lako. Lakini mashine haikubali mpaka uingie wewe, kwa neno lako la siri."

Isihaka alisita. Alitazama seva, akatazama pembeni. "Jina la kwenye karatasi tu?"

"La kwenye karatasi, Mkuu."

Majivuno ni ugonjwa mbaya. Yule mtu alikaa kwenye kiti, akaligonga neno lake la siri kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akifunika kibodi kwa mkono wa pili, kisha akampisha Safina. Safina akaandika amri ya kwanza: programu ya chapa isiwe tena ya faraji, iwe ya isihaka. Akabonyeza.

Ubani ukakatika chumbani. Ukakatika kabisa, mara moja, na ikabaki harufu ya vumbi la kawaida. Safina aliitazama ile mistari kwenye kioo. Mahali pa s sasa palikuwa na x.

Simu ikaita. Ilikuwa Asia, analia na kucheka pamoja. "Wifi! Amekaa! Kaamka kakaa mwenyewe, anaomba uji! Ananiuliza kwa nini nimekonda!"

"Mpe," Safina alisema. Ni neno hilo tu lililotoka. "Mpe, mpe."

Hapo ndipo ilipotakiwa kuishia. Bi Mwaisha alishasema: mwacheni hapohapo. Safina alikuwa ameshanyoosha mkono aifute programu, aitoe seva kwenye mamlaka ya mkuu, ainuke aende akamkumbatie mdogo wake. Machozi aliyoyazuia usiku kucha yalikuwa yanamtoka sasa.

Isihaka alikuwa amesikia kila kitu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Alhamdulillahi, amepona. Basi Jumatatu arudi kazini. Ila huyo fundi wa Kilambo itabidi nimwone tena." Alisema hivyo huku akinyoosha tai yake kwenye kioo cha dirisha. "Kama Faraji ameondoka mle, mashine itazima, na wageni wanakuja. Anahitajika mtu mwingine wa kuandikwa. Nafikiri hawa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Huyo Filipo, kwa mfano. Mama yake mjane, hawana wa kuwasemea."

Safina aligeuka akamtazama. "Ulijua," alisema taratibu. "Siku zote ulijua inakula nini."

"Kila kitu kinakula, binti. Hata jenereta linakula dizeli. Harakisha, wageni hao wako njiani."

Watu wengine hasira zao hupiga kelele. Ya Safina ilinyamaza kimya, ikashuka mpaka vidoleni. Aliona mbavu za Faraji. Aliona kucha zilizotoka damu. Alimwona Filipo juu ya mkeka wa mama yake, na mtu huyu amesimama dirishani ananyoosha tai yake. Alijua anachokifanya, mtu asije akamtetea baadaye kwamba alipotewa na akili. Akaandika amri ya pili, ile ya kuirudisha alama, akaisoma vizuri, akabonyeza.

Palepale umeme ukakatika. Feni zikasimama. Taa ya kijani ya seva ikabaki inawaka, na ubani ukajaa chumbani.

Filipo alichungulia mlangoni na wenzake nyuma yake. "Dada, tunaruhusiwa kuchapa?"

"Ingia," Safina alisema, akampisha kiti. "Chapa."

Filipo akabonyeza. Karatasi ya kwanza ikatoka, na Isihaka akaichukua mwenyewe, akaliona jina lake juu kwa herufi nzuri, akatabasamu. Kisha tabasamu likalegea upande mmoja. Akashika kona ya meza. Akatafuta kiti kwa mkono mwingine, akakaa kwa kishindo, na jasho likamtoka usoni na shingoni mpaka kola ikalowa.

"Binti," alisema. "Nipe maji."

Safina hakuinuka. Nje, gari la wageni lilikuwa linaingia getini.

"Filipo," alisema, "chapa tena."